Morrowind tena, miaka ishirini baadaye: mlango ulionigombanisha na muuza CD

Mwana wa Arua (mleta uzi)
Ijumaa, saa 3:40 usiku

Habari za jioni wakuu.

Mwaka 2005 niligombana na kijana mmoja wa Wandegeya, Kampala, mpaka watu wakajaa kutazama. Alikuwa amenichomea CD ya gemu kwa shilingi elfu tatu. Nikaicheza miezi minne kwenye Pentium III ya rafiki yangu, hosteli ya Kikoni, watu wakilala mimi ndiyo naamka. Nikafika kwenye mlango wa pango moja, mlango ukakataa kufunguka. Nikaenda chakula, nikarudi, umekataa. Nikaanza upya kutoka mahali nilipokuwa nimesevu, bado umekataa. Nikajua CD imekwaruzika. Kijana akaniambia CD yake haina kosa, kosa ni mimi. Hakunirudishia hata shilingi. Gemu nikaiacha hapo.

Gemu yenyewe ni Morrowind. Wiki iliyopita nimeinunua, safari hii kihalali, na nyongeza zake mbili, Tribunal na Bloodmoon. Nimeiweka kwenye laptopu ya kazi ambayo haina hata kadi ya michoro, inakimbia kama swala.

Kwa wasioijua: ni ya tatu katika mfululizo wa The Elder Scrolls, kazi ya Bethesda wa Marekani, ilitoka Mei 2002. Ni kaka mkubwa wa Oblivion ya 2006 na Skyrim ya 2011, ambayo watoto wenu wanaijua. Unashushwa melini ukiwa mfungwa, kwenye kibandari kinaitwa Seyda Neen, kisiwa cha Vvardenfell. Karani anaandika jina lako, unapewa karatasi zako na bahasha ya kumpelekea mzee mmoja mji wa Balmora. Mlango unafunguliwa, unatoka nje. Basi. Hakuna anayekufuata kukuambia ufanye nini.

Nina mpwa wangu hapa, miaka 15, yuko nasi likizo. Nikampa kipanya. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia juu mbinguni, akaniuliza:

"Mjomba, mshale uko wapi?"

Nikacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni. Hakuna mshale, wakuu. Gemu hii inakuelekeza kwa maneno. Mfano, kufika magofu ya Arkngthand: pita ngome ya Moonmoth, tafuta daraja la kale la Dwemer, kabila lililotoweka, juu ya korongo la Foyada Mamaea, vuka, kisha tafuta gurudumu kwenye bomba, lizungushe ndipo mlango ufunguke. Ukisahau, soma daftari lako. Ukipotea, umepotea, na njiani kuna cliff racer, mdege wa balaa anayekufuata kilomita nzima akilia.

Mimi nilipofika Kampala na sanduku langu kutoka Arua nilielekezwa hivyohivyo. "Shuka steji ya pili, ukiona mwembe na mama wa chapati, muulize." Nikashuka. Miembe ilikuwa mitatu. Na Kiswahili changu ni cha kambini, baba alikuwa askari, kwa hiyo kila niliyemuuliza njia alinitazama kama nimekuja kumkamata. Waliosoma Kampala enzi hizo wakizungumza Kiswahili wanajua: ulikuwa ama askari ama mwizi, chagua moja.

Sasa ndani ya Morrowind, wenyeji wale Dunmer wenye ngozi ya majivu wanakuita mgeni kila kona. Wakikasirika wanakuita n'wah. Sikuhitaji kamusi, nilielewa kwa sauti tu. Nadhani ndiyo maana nilinasa. Gemu nyingine zote zilinipokea kama mfalme aliyerudi nyumbani. Hii ilinitaka kwanza nionyeshe karatasi.

Nitakuwa naleta habari hapa tukiendelea. Lengo ni moja: nifike kwenye ule mlango.

Kichwa Ngumu
Ijumaa, saa 3:58 usiku

Nimeweka kiti mbele kabisa. Ila mkuu usiwadanganye watu, ile gemu kupigana kwake ni aibu. Unampiga kaa wa tope kwa kisu, kisu kinapita tumboni mwake waziwazi, halafu unasikia upepo tu.

Mwana wa Arua
Ijumaa, saa 4:10 usiku

Hahaha, mpwa wangu kauawa na kaa huyohuyo, dakika ya kumi.

Tatizo ni kwamba tunaona kwa macho ya leo. Pale kila pigo ni kama kurusha dadu: ujuzi wako wa silaha uliyoshika, wepesi wako, na bahati, halafu vyote vinapunguzwa na uchovu. Yule mstari wa kijani chini ukiisha, hata ukiwa karibu namna gani, unapiga hewa. Na mgeni wa gemu hii anafanya nini? Anakimbia njia nzima mpaka anafika kwa adui akihema, tena ameshika kisu wakati mhusika wake kasomea shoka. Nilimwambia mpwa atembee, ashike silaha aliyoichagua mwanzoni. Kaa yule sasa ni mboga.

Nyabo wa Jinja
Ijumaa, saa 4:31 usiku

Ssebo umenikumbusha mbali. Mmeshamwona mtu anayeanguka kutoka angani?

Mwana wa Arua
Ijumaa, saa 4:33 usiku

Leo hiihii! Tumetoka Seyda Neen kwa miguu, tunasikia mtu anapiga kelele juu, puu, huyo chini. Mchawi Tarhiel. Mfukoni ana hati tatu za kuruka. Mpwa wangu akasoma moja papohapo, hakusoma na daftari la marehemu. Akaruka kisiwa kizima kikapita chini yake, akashangilia, akaanza kushuka. Mnajua mwisho.

Huo ndio ufundi wao. Maiti yenyewe imekuonya, lakini lazima usome.

Msee wa Kisumu
Jumamosi, saa 2:05 asubuhi

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Mimi niliicheza kwa Xbox ya binamu. Ile kupakia ilikuwa ndefu, unaenda kununua mandazi unarudi. Juzijuzi ndiyo nikasikia Todd Howard mwenyewe, aliyeongoza kuitengeneza, akikiri kuwa kumbukumbu ya ile mashine ikijaa, gemu ilikuwa inaizima na kuiwasha kimyakimya, wewe unaona tu picha ya kusubiri. Kumbe miaka yote nilikuwa narestati bila kujua, buda.

Weka OpenMW mkuu. Ni injini mpya ya bure, imeandikwa na watu wa kujitolea, unaipa mafaili ya gemu yako uliyonunua na inakimbia hata kwa Linux.

Kichwa Ngumu
Jumamosi, saa 2:40 asubuhi

OpenMW ninayo. Nikavuta umbali wa kuona mpaka mwisho. Nimesimama bandarini Seyda Neen, naona hadi Mlima Mwekundu kule katikati ya kisiwa. Raha.

Mwana wa Arua
Jumamosi, saa 5:15 asubuhi

Kichwa, hapo tutakosana.

Nimeiweka OpenMW kwa ushauri wa msee, asante, imetulia kweli. Na mimi nikavuta umbali kama wewe. Wakuu, nilihuzunika. Kisiwa ni kidogo! Balmora iko pale, ukitupa jiwe linafika. Safari iliyonimaliza usiku mzima mwaka 2005 naiona yote kwa jicho moja kama mtu aliyepanda mnara wa msikiti wa Old Kampala.

Ule ukungu waliuweka kwa sababu kompyuta za 2002 zilikuwa hoi, lakini ndio uliokuwa unakuza nchi. Ulikuwa unaona kilima kimoja tu, na njia za pale zinajipinda makusudi, kwa hiyo kila ukizunguka jiwe unakuta kitu. Daggerfall ya 1996, iliyoitangulia hii katika mfululizo, ilikuwa kubwa mara nyingi sana, nchi yake imezalishwa na kompyuta, na sikumbuki hata kijiji kimoja. Hapa kila jiwe limewekwa kwa mkono, na macho yako yamefunikwa. Nimerudisha ukungu.

Kichwa Ngumu
Jumamosi, saa 5:22 asubuhi

Yaani mtu anunue miwani halafu aipake tope. Haya.

Dogo Ntinda
Jumamosi, saa 8:00 mchana

Wazee mnateseka bure. Oblivion imetengenezwa upya, imetoka Aprili 2025, michoro moto, mshale upo. Morrowind nyuso kama viazi vya Kabale.

Nyabo wa Jinja
Jumamosi, saa 8:19 mchana

Dogo, viazi vya Kabale usivitukane, vimekulea.

Oblivion naipenda pia, lakini ile dunia inakua pamoja na wewe. Ukipanda levo, majambazi nao wanapanda. Mtu anakusimamisha njiani akidai sarafu mia, amevaa vazi la kioo ambalo akiliuza anajenga nyumba. Waliotengeneza upya wamegusa mambo ya levo, ila msingi ni uleule. Morrowind haikujali wewe ni nani. Ukiingia pango la wakubwa ukiwa mdogo, unakufa. Ukirudi mkubwa, unalipiza. Kulipiza kule ndiko kulikonifanya niichelewe misa.

Na mwana wa Arua, tafuta viatu vya Boots of Blinding Speed. Ni vya mwanamke Pemenie, utamkuta njiani juu ya Caldera anaomba asindikizwe. Vinakukimbiza kama boda ya usiku lakini vinakupofusha. Ukiwa umechagua kabila la Breton, kinga yake ya uchawi ya asilimia 50 inakubakishia nusu ya kuona. Ukiongeza na uganga wa kinga kabla ya kuvivaa, unaona kote.

Mwana wa Arua
Jumapili, saa 1:50 usiku

Mkasa wa leo. Mpwa wangu amemuua Caius Cosades.

Kwa wasiojua, Caius ndiye yule mzee wa bahasha. Mkuu wa majasusi wa mfalme huko Vvardenfell, anakaa Balmora chumba kimoja, kifua wazi, na bomba la skooma, dawa yao ya kulevya, pembeni. Ndiye anayekutuma kila kazi ya mwanzo. Msiniulize dogo alimwezaje, nilikuwa nimetoka kununua umeme wa yaka. Narudi, mzee yuko sakafuni, na gemu imeandika maneno ambayo sikuwahi kuyaona kwa macho yangu: uzi wa unabii umekatika, rudisha mchezo uliousevu, au endelea kuishi katika dunia uliyoiangamiza.

Dogo ananiuliza, "Mjomba, kwani wanaruhusu?"

Wanaruhusu! Skyrim ukimpiga mtu wa maana anapiga goti, anapumua, anainuka. Hapa anakufa, na gemu inakwambia kwa upole kwamba umeharibu, baki na uharibifu wako. Dogo alikaa kimya muda mrefu kuliko siku yoyote tangu afike kwangu. Kisha akasema turudishe.

Nyabo wa Jinja
Jumapili, saa 2:12 usiku

Hata msingerudisha, kuna njia ya nyuma ya kumaliza, inapitia kwa yule Dwemer wa mwisho, Yagrum Bagarn. Ila ni ya kujiua. Mmefanya vizuri.

Mwana wa Arua
Alhamisi, saa 4:25 usiku

Wakuu, samahani kwa ukimya. Tumesonga. Tumetafuta kile kisanduku cha Arkngthand jioni nzima, kumbe kiko rafuni, kidogo kama kipande cha sabuni. Tumepata ugonjwa wa corprus, tumepona kwa Divayth Fyr, mchawi aliyeishi miaka zaidi ya elfu nne na bado ana kiburi. Minara ya wachawi wa Telvanni ni uyoga mkubwa usio na ngazi, ukitaka kumwona mwenye nyumba uruke. Huwezi kuruka, basi hukuwa na shida naye. Nimeipenda zaidi ya nilivyoipenda zamani, maana zamani nilikuwa napita mbio.

Kitu kingine ambacho sikukiona nikiwa na miaka ishirini: gemu haikuambii kama wewe kweli ndiye Nerevarine, yule shujaa aliyetabiriwa kuzaliwa tena. Mfalme amekutuma kwa sababu tarehe zako za kuzaliwa zinafanana na unabii na inamfaa. Kanisa lao linasema wewe ni mwongo. Watu wa kambi za majivu wanasema huenda, tuone. Kila mmoja ana kitabu chake na vitabu havikubaliani. Zamani nilijiona mteule moja kwa moja. Sasa najiona mtu aliyeajiriwa kuwa mteule, na anaifanya kazi vizuri mpaka inakuwa kweli. Nilibishana na dogo juu ya hili mpaka saa sita usiku. Yeye anasema mimi nafikiria sana.

Na leo, saa mbili zilizopita, tumefika kwenye mlango.

Umekataa kufunguka.

Kichwa Ngumu
Alhamisi, saa 4:27 usiku

😂😂😂😂 CD imekwaruzika tena?

Mwana wa Arua
Alhamisi, saa 4:30 usiku

Kaka nimetoka jasho. Gemu nimelipia, mafaili nimeyapakua mwenyewe. Mlango uleule, maneno yaleyale.

Nyabo wa Jinja
Alhamisi, saa 4:41 usiku

Ngoja. Kile kitendawili alichowapa chifu Sul-Matuul mmekisoma?

Mwana wa Arua
Alhamisi, saa 4:48 usiku

Tumekisoma. Jicho la sindano liko katika meno ya upepo. Sindano ni lile jiwe refu lililosimama peke yake. Meno ya upepo ni miamba inayoitwa Airan's Teeth, juu ya Bonde la Upepo. Mahali tumepapata bila mshale wala ramani ya mtandao, dogo ndiye aliyeona jiwe kwanza. Halafu kuna ndoto ni mlango na nyota ni ufunguo. Hapo 2005 nilidhani ni mapambo ya ushairi.

Kichwa Ngumu
Alhamisi, saa 4:50 usiku

Sindano mnayo, na uzi ndio huu. Shoneni.

Nyabo wa Jinja
Alhamisi, saa 4:55 usiku

Swali moja tu, sitaki kuwaharibia. Mlifika pale saa ngapi?

Msee wa Kisumu
Alhamisi, saa 4:56 usiku

Wacha kuwazungusha nyabo. Bro, enda saa kumi na mbili.

Mwana wa Arua
Alhamisi, saa 5:14 usiku

Tumesubiri mpaka 12. Hakuna kitu. Tumejaribu 12 ya mchana na 12 ya usiku. Msee unatuchezea.

Nyabo wa Jinja
Alhamisi, saa 5:16 usiku

Banange! Saa KUMI NA MBILI, ssebo. Wewe mtu wa Arua, mtoto wa askari, leo unasoma saa ya Kizungu?

Mwana wa Arua
Alhamisi, saa 5:17 usiku

Mungu wangu.

Msee wa Kisumu
Alhamisi, saa 5:18 usiku

😂😂 Naenda kulala, siwezi.

Mwana wa Arua
Alhamisi, saa 6:20 usiku

Umefunguka.

Kompyuta iliandika 6 a.m., dogo akabonyeza, na jiwe likasogea kama halijawahi kukataa. Nyota ni Azura, mwenye enzi ya macheo na machweo. Mlango wake unapokea watu asubuhi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili, na jioni vivyo hivyo. Basi. Yaani unafunguka pale hesabu ya saa zetu inapoanza. Mswahili yeyote aliyezoea kuhesabu saa kuanzia jua angepaswa kukijua kitendawili hiki kuliko aliyekitunga. Mimi 2005 nilifika kwenye mlango ule saa tano, saa nane, saa tatu usiku, kila saa isipokuwa hizo nne.

Ndani kuna sanamu kubwa ya Azura, na mikononi mwake pete ya Moon-and-Star. Ukiivaa, wanatokea mizimu. Hili nilikuwa silijui kabisa, wakuu. Ni wale wote waliofika hapa kabla yako wakidhani ndio wao, wakashindwa. Wamekaa pale, kila mmoja anakuhadithia alivyokwama na kukupa alichokuwa nacho. Dogo alizungumza nao wote, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka neno, yeye aliyeruka daftari la Tarhiel.

Dogo Ntinda
Ijumaa, saa 1:10 asubuhi

Sawa wazee. Nitumieni jina la ile injini ya bure. Siahidi kitu.

Kichwa Ngumu
Ijumaa, saa 3:00 asubuhi

Tumefurahi kwa niaba yako mkuu. Sasa tuzungumze la maana. Yule kijana wa CD?

Mwana wa Arua
Jumamosi, saa 10:35 jioni

Nimemaliza nalo leo, nikaona niwaletee.

Nimepita Wandegeya. Banda halipo, lakini mwenyewe yupo, hatua kama ishirini tu kutoka pale pale, anauza makava ya simu. Ana kipara sasa. Nikamsalimu, nikajieleza: 2005, CD, mlango wa pango, ugomvi. Ananitazama. Hakumbuki gemu, hakumbuki mlango, hakumbuki mimi. Nikamwambia basi mimi nakumbuka, CD yako haikuwa na kosa, nilikuja kukuambia hivyo. Na nikamnyooshea elfu tatu, maana nilimtangaza vibaya hosteli nzima na nina hakika nilimkosesha zaidi ya hizo.

Akazipokea, akazihesabu, akamwita jirani yake aje ashuhudie. Kisha akaniambia elfu tatu ya 2005 si elfu tatu ya leo, niongeze.

Nimeongeza mbili.